Kwa mlioniuliza kama Stanley kuna maisha

Shangazi ameuliza kwenye kundi la familia kama ninaweza kumvuta mwanawe huku. Mjomba akadakia kwamba mtu anayelipwa kwa pauni hana haki ya kulia shida. Na mdogo wetu, aliyeona picha yangu chini ya ile mifupa mikubwa mbele ya kanisa, anataka kujua ni ya mnyama gani na kama huku bado wanamwinda. Nawajibu nyote mahali pamoja, na sitapamba, maana picha za majuu tunazotumiana zimeshawaingiza watu kwenye madeni ya maajenti.

Niko Stanley, mji mkuu wa visiwa vya Falkland, kusini kabisa mwa Atlantiki. Wakazi wa visiwa vyote ni kama 3,600. Kuna mitaa ya Kisauni, kwetu Mombasa, yenye watu wengi kuliko nchi hii nzima. Kondoo ndio wengi, karibu nusu milioni. Januari, mnapobeba mikeka kulala barazani kwa joto, huku ndiyo kiangazi chenyewe, na mchana nyuzi za joto mara nyingi ni kumi na kitu. Baridi huzoeleka. Upepo ndio ambao sijauzoea: unavuma asubuhi, unavuma jioni, na mti usiopandwa na mtu huuoni.

Mifupa ile, mdogo wangu, ni mataya ya nyangumi wawili wa buluu. Ilisimamishwa mwaka 1933 kuadhimisha miaka 100 ya utawala wa Uingereza. Kanisa lililo nyuma yake ni kanisa kuu la Kianglikana, liliwekwa wakfu mwaka 1892. Watalii wa meli hupiga picha hapo dakika mbili wakaenda zao kutazama pengwini. Mimi nilifika kama wao, nikiwa mpishi melini, lakini nimekaa, na aliyekaa huuliza nani alimleta nani hapa na kwa masharti gani. Nimeligundua hilo kuwa swali la maana kuliko la mshahara.

Wawindaji walitangulia serikali. Tangu karne ya 18 meli za Nantucket na za bandari nyingine za Marekani zilikuja kuwinda sili na nyangumi, zikatumia visiwa hivi kama ghala lisilo na mlinzi: maji, mayai ya ndege, nyama ya ng'ombe mwitu. Sili walipopungua, ikafika zamu ya pengwini, wakachemshwa kwenye masufuria makubwa ya chuma kwa ajili ya mafuta yao.

Uingereza ilishika visiwa mwaka 1833, kisha kwa miaka kadhaa haikujua ivifanyie nini. Gavana Richard Moody, mhandisi wa jeshi ambaye hakuwa hata na miaka 30, aliwasili mwaka 1842 na kuhamisha makao kutoka Port Louis kuja hapa, kwenye bandari yenye kina. Mji ukaanza kuinuka mnamo 1843. Mwaka uliofuata, kwetu, mmisheni Mjerumani Krapf alikuwa anamzika mkewe Rosine ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pale Nyali. Nautaja kwa sababu Mjomba hupenda kusema sisi tulichelewa na Wazungu walikuwa mbele. Stanley ya mwaka huo ilikuwa tope, mahema na vibanda, na Mombasa ilikuwa mji wa mawe wenye miaka mamia.

Tatizo lilikuwa watu. Nani ahamie hapa kwa hiari? Mwaka 1849 serikali ilileta wanajeshi wastaafu 30 pamoja na familia zao, na nyumba za mbao zilizokuja vipandevipande melini. Baadhi ya nyumba hizo zipo hadi leo, napita mbele yake nikienda kazini. Baadaye kidogo ikaja Falkland Islands Company kwa hati ya kifalme. Kampuni hiyo ikawa na ardhi, kondoo, meli na duka. Mchungaji wa kondoo kule mashambani alipewa nyumba ya kampuni, nyama ya bure na kuni za hapa, yaani udongo mweusi wa majani yaliyooza unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Mshahara wake uliandikwa kwenye daftari la kampuni, na alichonunua kikakatwa kwenye daftari hilohilo. Akizeeka, nyumba si yake. Hadi miaka ya 1970 kampuni ilikuwa bado na karibu nusu ya ardhi yote.

Kwa hiyo Mjomba, unaposema pesa yangu haionekani, jua kwamba hapa pesa ina mazoea ya siku nyingi ya kurudi ilikotoka. Kodi ya nyumba inakula fungu kubwa, na nyumba zenyewe ni chache. Nyanya, ndizi, kitunguu, vingi vinakuja kwa meli au ndege, na bei yake ukiambiwa utarudisha kitu kwenye rafu. Mchele wa biryani naupata siku za bahati. Noti zenyewe ni za pauni ya Falkland: thamani sawa na ya Uingereza, lakini ukitoka nayo mfukoni hakuna duka la kubadilisha fedha Mombasa litakaloigusa, ni lazima uibadilishe kabla hujapanda ndege. Benki ni moja. Ninayotuma nyumbani ndiyo inayobaki baada ya hayo, na inabaki, sikatai. Ila si ile mnayoipigia hesabu kwa kuzidisha mshahara wangu kwa bei ya pauni.

Sasa misheni. Hapa nitakaa kidogo, maana sisi ni watu wa Frere Town, makazi ya misheni ya watumwa walioachiwa huru kule Mombasa, na habari hii niliposimuliwa sikuisikia kama ya wageni.

Kulikuwa na Allen Gardiner, nahodha mstaafu wa manowari, aliyeanzisha chama cha misheni cha Patagonia mwaka 1844. Alitaka kuwahubiria Wayamana, watu wa mitumbwi wa ncha ya kusini ya Amerika. Alitua huko mwishoni mwa 1850 na wenzake sita, chakula kikawaishia, na mwaka uliofuata wote saba walikufa kwa njaa na maradhi. Chama hakikukata tamaa, kikabadili mbinu: badala ya kuishi kwa Wayamana, kitawaleta Wayamana kwake. Mwaka 1855 kikaweka kituo kwenye kisiwa cha Keppel, magharibi mwa Falkland. Wayamana walivushwa kwa meli, wakakaa miezi, wakafundishwa sala, Kiingereza, kulima viazi na kuchunga ng'ombe, kisha wakarudishwa.

Mmoja wao alikuwa Jemmy Button. Jina hilo alipewa na mabaharia wa FitzRoy, nahodha wa meli ya Kiingereza, waliomchukua mwaka 1830 na kumpeleka Uingereza. Inasimuliwa kwamba walitoa kifungo cha nguo kama malipo. Nasi majina ya babu zetu tunajua yalivyoandikwa kwenye vitabu vya misheni.

Tofauti ninayoiona ni hii. Walioteremshwa Frere Town tangu 1875 walikuwa wametolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi hawakuwa na njia ya kurudi kwao, na kengele ya pale Kengeleni ilikuwa kinga kwao. Wayamana walikuwa na kwao, tena si mbali kwa meli. Hakuna aliyekuwa akiwauza. Waliletwa Keppel kwa sababu mtu mwingine aliamua kwamba ndiko watakakokuwa watu. Siwezi kuziweka misheni hizi mbili kwenye kapu moja, hata kama nyimbo zilikuwa zilezile.

Na walidharauliwa kwa vitu vidogo. Kundi moja lilipokuwa linarudi kwao mwaka 1859, mizigo yao ilipekuliwa kutafuta vitu vilivyopotea. Mtu aliyewahi kupekuliwa begi mlangoni mwa nyumba anayofanyia kazi anaelewa. Mwezi wa Novemba, huko Wulaia, wamisheni waliposhuka pwani kusali Jumapili, wanane waliuawa. Aliyepona ni mpishi, Alfred Coles, kwa sababu alibaki melini. (Wapishi tuna heri zetu.) Coles alimtaja Jemmy Button kuwa kinara. Button akaletwa hapa Stanley kuhojiwa, akakana, akasema ni watu wa kabila jingine. Hakuna aliyehukumiwa.

Lakini Keppel hiyohiyo ilimlea Thomas Bridges, kijana yatima aliyekuja na mlezi wake mmisheni, akajifunza Kiyamana kwa wale walioletwa kisiwani mpaka akakisema kama chake. Akaandika kamusi ya maneno zaidi ya 30,000. Watu ambao Darwin aliwaona akadhani lugha yao si lugha! Misheni ikahamia upande wa pili, Ushuaia, na maradhi yakahamia nayo na wageni wengine waliofuata. Surua ya miaka ya 1880 iliwafagia wengi. Kituo cha Keppel kilifungwa mwaka 1898. Cristina Calderón, msemaji mzawa wa mwisho wa Kiyamana, alifariki Chile mwaka 2022. Kamusi ipo London.

Kuhusu nyangumi, mdogo wangu: hapa Falkland kilikuwepo kituo kimoja cha kuchinjia, kisiwa cha New Island, cha kampuni ya Salvesen ya Leith, kwa miaka michache kabla ya 1916. Biashara kubwa ilikuwa South Georgia, kisiwa cha barafu kilichokuwa kikitawaliwa kutoka hapa Stanley. Mnorwei Carl Anton Larsen alifungua huko kituo cha Grytviken mwaka 1904. Hadi kazi ilipokoma miaka ya 1960, nyangumi kama 175,000 walikuwa wamepitia kwenye vituo vya kisiwa kile. Mafuta yakawa sabuni na siagi ya kupaka mkate Ulaya, na wakati wa vita kuu ya kwanza yakawa baruti. Wafanyakazi wengi walikuwa vijana wa Norwei, wa mkataba wa msimu. Mwaka 1913 walijengewa kanisa la mbao lililoletwa kutoka kwao, zuri sana kwenye picha, na mchungaji wao aliandika kwamba dini ya wawindaji hao ilikuwa bado inahitaji kazi kubwa. Serikali ya hapa ilichukua ushuru. Leo huku hakuna anayewinda nyangumi. Wamelindwa, na baadhi yao tunawaona wakipita karibu.

Leo ni ngisi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 serikali inauza leseni kwa meli za uvuvi, na hiyo ndiyo iliyoitoa nchi kwenye umaskini wa sufu. Shule na hospitali ni nzuri, mtoto wa hapa husomeshwa Uingereza kwa gharama ya serikali. Sisi tuliokuja tunapika, tunauguza, tunajenga. Wapo watu wa St Helena, Wafilipino, Wachile, na Wazimbabwe waliokuja kuanzia 2009 kutegua mabomu ya ardhini ya vita vya 1982 kati ya Argentina na Uingereza. Walimaliza mwaka 2020, na baadhi yao wamebaki na familia zao. Hao ndio jamaa zangu huku. Jumapili tunapika ugali wa unga unaopatikana, tunabishana sadza yao na ugali wetu upi mgumu, na kwa saa chache nasahau upepo.

Upweke upo, sitawadanganya. Ndege ya abiria kutoka Chile inakuja mara moja kwa wiki, na upepo ukikataa haishuki. Bibi alipofariki nilizikia kwenye simu. Shangazi, hilo mwanao alijue kabla ya yote, kwa sababu wewe ndiye mama na yeye ndiye kitinda mimba.

Akitaka kuja bado, sawa. Kibali cha kazi hapa huombwa na mwajiri, na kimefungwa kwa mwajiri huyo. Ukigombana naye huhamii kwa jirani hivihivi. Hakuna ajenti wa Mombasa mwenye viza ya Falkland ya kuuza, usimpe hata shilingi mia. Kijana ana cheti cha umeme, na mafundi wanatafutwa, kwa hiyo aandike maombi mwenyewe kwenye nafasi zinazotangazwa na serikali ya huku. Akipata barua ya mkataba anitumie yote, pamoja na kurasa za nyuma zenye maandishi madogo. Nitaangalia kwanza nani analipa nauli ya kurudi, halafu nyumba ni ya nani. Mshahara nitausoma mwisho.