Wadogo zangu, hesabuni njia kabla ya terabaiti

Juzi nililetewa mpango wa SAN (mtandao unaounganisha seva na hifadhi ya data) niupitie. Ukurasa wa kwanza terabaiti, wa pili terabaiti, wa tatu mchoro wa rangi nne. Nikauliza: kila LUN (kipande cha hifadhi ambacho seva hukiona kama diski) ina njia ngapi za kuifikia kutoka kwenye seva? Kijana akanitazama kama nimemuuliza swichi imezaliwa lini. Sikumkaripia, maana rangi nne nilianza mimi.

1. Njia. Seva zetu zilikuwa za ESXi 6.0, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe. Jedwali la mipaka lilisema seva moja huona LUN 256, mimi nilihitaji 140 tu, nikafunga jedwali kwa raha zangu. Mstari mwingine humohumo ulisema njia 1,024 kwa seva. Kila seva ilikuwa na HBA mbili (kadi za kuiunganisha na SAN), na kwa ujuaji wangu nikaizoni kila HBA na poti nne za hifadhi (yaani nikairuhusu kwenye swichi kuongea nazo), eti usalama. Njia nane kwa kila LUN. Haya, 140 mara 8?

LUN tuliziongeza kidogo kidogo, kwa hiyo balaa lilikuja polepole. Ya 127, shwari. Ya 128 ikaingia na njia saba. Saba! Nikasema ni kebo. Nikabadilisha SFP (viunganishi vya kebo kwenye poti) mbili zilizokuwa nzima kabisa, njia ya nane haikurudi. Ya 129 haikuonekana kabisa. Skani upya, hola. Nikakagua zoni, nikakagua masking (orodha ya LUN ambazo kila seva inaruhusiwa kuziona), nikamgombeza mtu wa hifadhi kwamba hajui kazi (nilimwomba radhi, ila hadi leo ananikumbusha). Usiku wa tatu ndipo nikafungua logi ya vmkernel, kumbukumbu za matukio za ESXi yenyewe, na pale palikuwa pameandikwa wazi, mstari baada ya mstari: kikomo cha njia 1,024 kimefikiwa, njia hii haikuongezwa. Logi ilikuwa inapiga kelele tangu siku ya kwanza. Na ile saba? Diski ya ndani ya seva nayo huhesabiwa njia. Moja kuongeza 127 mara 8 ni 1,017, zimebaki saba. Hesabu ya darasa la nne ilininyima usingizi siku tatu.

Dawa ilikuwa kupunguza zoni, kila HBA poti mbili, njia nne kwa LUN, jumla 560. Kufanya hivyo seva moja moja, watu wakiwa kazini, mikono ikitetemeka: hilo siwaombei.

2. Foleni. Poti ya hifadhi ikipokea amri 2,048 kwa wakati mmoja, seva nane zenye LUN nane kila moja na foleni ya amri 32 kwa kila LUN zinaweza kuijaza yote. Seva ya tisa usiiombe tu, ihesabie.

3. RAID 6, mpangilio wa diski unaostahimili diski mbili kufa: andiko dogo moja ni kazi sita kwenye diski. Msihesabu diski kwa ukubwa wake peke yake.

4. Diski ya "TB 10" mfumo wenu utaionyesha kama 9.09. Hamjaibiwa: muuzaji huhesabu kwa 1,000, mfumo kwa 1,024.

5. Swichi ya poti 48 inaweza kuja na leseni ya poti 24. Ulizeni kabla ya kununua, si mkiwa mmeshika kebo ya 25 mnashangaa taa haiwaki, halafu simu inapigwa kwangu saa nane usiku.

Kijana amerudisha mpango leo. Rangi bado nne, ila safu ya njia ipo. Ameandika 8. Namrudishia.