Maswali yenu: Moyo, unga na uongo mnaompa daktari

Dokta, bangi si jani tu, moyo inaufanyaje? (Mikindani)
Tumbaku nayo jani. Bangi inapandisha mapigo, mwenye moyo mbovu inaweza kumbana kifua. Hili nimeshajibu mpaka basi.

Shikamoo dokta. Mdogo wangu anajidunga unga (heroini), homa wiki ya pili, duka la dawa wamempa ya malaria mara mbili haishuki, anakohoa na kifua kinachoma. (Chikongola)
Marahaba. Mpelekeni hospitali ya Ligula leo leo, muachane na duka. Sindano inaingiza vijidudu vya kwenye ngozi moja kwa moja kwenye mshipa, vinafika moyoni, vinajishika kwenye vali (milango ya moyo), mara nyingi ya upande wa kulia, vikimeguka vinaenda mapafuni ndo hicho kikohozi. Atolewe damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla ya antibayotiki, apigwe eko (picha) ya moyo, halafu dawa za mshipa kwa kawaida wiki 4 mpaka 6. Na msifiche! Niliwahi kumuona kijana kavaa mikono mirefu na joto letu hili la Novemba, mama yake kashika daftari anamjibia kila kitu, "mwanangu hata sigara haijui." Arosto (maumivu ya kukosa unga) ikampanda siku ya pili akatoroka wodini na kanula (mrija wa dripu) mkononi. Daktari angejua angemtuliza.

Kokeini si ya matajiri wa Dar, sie inatuhusu nini? (Lindi mjini)
Msimu wa korosho ukifika matajiri mnakuwa wengi. Inabana mishipa ya moyo huku mapigo yanakimbia, kijana wa miaka 25 anapata shambulio la moyo kama mzee. Saa ya kwanza baada ya kuvuta ndo mbaya zaidi. Ukifika hospitali kifua kimebana sema ulichovuta, maana dawa za presha kama propranolo zinaweza kuzidisha kubana. Daktari sio polisi.

Kaka yuko Dar anakunywa methadoni (dawa ya kuachia unga), kaanzishiwa dawa za TB, arosto imerudi. (Masasi)
Rifampisini, moja ya dawa za TB, inaimaliza methadoni mwilini haraka. Arudi kliniki wampandishie dozi, TB asiache, na asijiongezee unga juu yake atakata pumzi. Methadoni yenyewe inagusa umeme wa moyo, kwa hiyo asinunue kienyeji eritromaisini, antibayotiki inayougusa pia.

Uraka (pombe ya mabibo) unasafisha unga kwenye damu? (Newala)
Hausafishi. Na wewe ni wa nne wiki hii.