Ziwa Mahoma katika Rwenzori: kreta au kazi ya barafu?

SWALI: Naandaa somo la kusoma ramani. Katika milima ya Rwenzori, Uganda, ziwa Mahoma liko msituni, karibu meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, mbali sana chini ya barafu ya leo. Kwa kuwa Fort Portal kuna maziwa mengi ya kreta, je, hili nalo ni kreta, yaani shimo la volkano?

JIBU: Hapana, mwalimu. Maziwa ya Fort Portal na Katwe yalitokana na milipuko ya volkano, lakini Rwenzori yenyewe si volkano kama Kilimanjaro. Ni pande la miamba ya kale, kwa wingi naisi (mwamba mgumu uliobadilishwa na joto na mgandamizo), lililoinuliwa kati ya mipasuko ya Bonde la Ufa hadi kilele cha Margherita kikafikia meta 5,109.

Mahoma limezuiliwa na moreni, yaani tuta la mawe na udongo lililoachwa na barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole) iliyokuwa ikiteremka bonde la mto Mubuku. Ukipata mahali njia ilipokata tuta kama hilo, tazama ukuta wake kwa makini: jabali kubwa limekaa ndani ya udongo laini, kokoto zimechanganyika nao, hakuna tabaka hata moja. Maji hupanga mzigo wake kwa ukubwa. Barafu hubwaga vyote pamoja. Baadhi ya mawe huwa yamesagwa upande mmoja na kuchanjwa mistari sambamba. Kingo za kreta zingekuonyesha tabaka za majivu ya volkano.

Kwenye ramani, fuata kontua (mistari ya mwinuko) za Mubuku kwenda juu. Bonde lililochongwa na mto huwa na umbo la V. Lililopitiwa na barafuto huwa na sakafu pana na kuta zilizosimama.

Nakusihi usichanganye nyakati mbili. Tope la Mahoma lilipopimwa umri kwa kaboni lilionyesha kuwa barafu iliondoka hapo zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Kuyeyuka kwa sasa ni jambo jingine. Mwaka 1906, msafara wa Duki wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, ulikuta barafuto kwenye milima yote sita mikuu. Leo mitatu kati yake, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, haina barafuto tena. Moreni za kipindi hiki ziko juu, karibu na barafu iliyobaki, na mimea yake bado ni haba. Wanafunzi wazitie rangi tofauti na ile ya Mahoma.