Bi mkubwa kapapaswa uwanja wa ndege, jimbo la Texas lina meno hapo?

SWALI: Asalaam alaykum dada wakili. Mimi naishi Houston mwaka wa 9 huu. Bi mkubwa wangu alikuja kunitembelea miezi mitatu, siku anarudi Unguja skana ikalia, kavaa buibui lake na mtandio, wakamuweka pembeni, mwanamke mwenye glovu akampapasa kichwani, chini ya matiti, mpaka ndani ya mapaja, mbele za watu waliokuwa wanavaa viatu vyao. Ana miaka 68, Kiingereza hajui, kanipigia simu yuko getini analia. Sasa kazini mtu kaniambia Texas walishapitisha sheria kwamba mkaguzi akikushika sehemu za siri anafungwa. Ni kweli? Nikaripoti polisi wa hapa au wapi? Jimbo lina nguvu yoyote juu ya watu hawa?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na bi mkubwa mfikishie pole zangu nyingi, hapo pa kukupigia simu analia nimepasoma mara mbili. Nianze na jibu fupi usije ukahangaika bure: sheria hiyo haipo. Ilikaribia kupita, ikafia njiani, na hata ingepita naamini kabisa isingedumu mahakamani. Ila mlango mwingine upo, na una muda wake, ukipita ndo basi tena, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Huyo mwenzio wa kazini hakutunga, kachanganya tu. Mambo yalianza Krismasi ya 2009, kijana Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege kutoka Amsterdam kwenda Detroit na baruti kaificha kwenye chupi, ikawaka moto bila kulipuka sawasawa, abiria wakamdaka. Mashine za kunasa chuma zisingeiona ile kitu hata apite mara kumi. Baada ya hapo TSA, ule wakala wa serikali kuu unaokagua abiria viwanja vya ndege, ulioanzishwa kwa sheria ya Novemba 2001, wakasambaza skana za mwili mzima kwa kasi, na mwishoni mwa Oktoba 2010 wakabadilisha upapasaji wenyewe, yani zamani maeneo nyeti mkaguzi alipitisha mgongo wa mkono, kuanzia hapo ikawa kiganja na vidole. Watu walichachamaa nchi nzima, wazee kwa vijana, wenye mabuibui na wasio nayo.

Texas wakaamua kulivaa. Mwaka 2011 mbunge wa jimbo David Simpson wa Longview akapeleka mswada namba 1937. Ulisema mtumishi wa umma akimgusa mtu sehemu za siri, matako au matiti, hata juu ya nguo, kama sharti la kumruhusu apande chombo cha usafiri, na hana sababu ya msingi ya kumshuku, basi katenda kosa la jinai, kifungo mpaka mwaka mmoja na faini mpaka dola 4,000. Baraza la wawakilishi la jimbo wakaupitisha bila hata kura moja ya kupinga, na we unajua Texas wanavyogombana kwa kila kitu. Tarehe 24 Mei ikatua barua ya John Murphy, mwendesha mashtaka wa serikali kuu upande wa magharibi wa Texas. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mswada unagongana na sheria ya nchi, serikali itakwenda mahakamani kuusimamisha, na kama hautasimamishwa basi TSA huenda ikalazimika kufuta ndege zozote ambazo haiwezi kuthibitisha usalama wake. Hebu fikiria Houston na Dallas ndege haziruki. Seneta Dan Patrick, ambaye ndo alikuwa anausimamia kwenye seneti, akauondoa usiku ule ule. Juni gavana Rick Perry akaurudisha kwenye kikao maalumu, wakaulegeza lugha, seneti ikaukubali, lakini kikao kikafungwa haujakamilika. Ndo mwisho wake.

Sasa kwa nini barua ya mtu mmoja iliwanyamazisha? We mtu wa Unguja hili nakueleza kwa dakika moja. Unajua mambo ya Muungano? Usafiri wa anga umo kwenye ile orodha ya katiba ya Tanzania, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi pale Chukwani hata wakikubaliana wote hawawezi kumtungia sheria yao mtu anayetekeleza sheria ya Muungano ya anga. Na Marekani hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wameliweka kwenye ibara ya 6 ya katiba, kwamba sheria za nchi zilizotungwa kwa mujibu wa katiba ziko juu, na majaji wa kila jimbo wanafungwa nazo hata kama katiba ya jimbo inasema vingine.

Kuna kesi moja ambayo kila mwanasheria hapa anaijua na mimi naipenda manake inaonyesha ukomo wa kinga yenyewe. Agosti 1889, stesheni ya treni ya Lathrop, California, jaji wa Mahakama ya Juu Stephen Field anakula chai ya asubuhi mezani. Anatokea David Terry, naye aliwahi kuwa jaji mkuu wa California, wana ugomvi wa siku nyingi, anamjia kwa nyuma anamzaba makofi. Mlinzi wa jaji, David Neagle, ofisa wa serikali kuu, akampiga Terry risasi pale pale akafa. California wakamkamata Neagle kwa mauaji. Mwaka 1890 Mahakama ya Juu ikasema jimbo halina mamlaka ya kumshtaki, manake alikuwa anafanya kazi aliyopewa na sheria ya nchi na hakufanya zaidi ya kile kilichohitajika. Mwaka 1920 wakarudia kwa dereva wa posta, Maryland ilimshtaki kwa kuendesha gari la barua bila leseni ya jimbo, mahakama ikasema muacheni afanye kazi ya serikali. Kwa hiyo mkaguzi aliyempapasa bi mkubwa kwa kufuata utaratibu aliofundishwa, hata Texas ingekuwa na sheria kumi, angetoka.

Texas walikuwa na hoja lakini, na mimi siidharau hata kidogo. Walisema katiba hiyo hiyo, marekebisho ya 4, inakataza upekuzi usio na sababu, sasa sisi tunailinda katiba mnatuambia tunaivunja? Tatizo ni kwamba toka miaka ya 1970 mahakama zimeuchukulia upekuzi wa uwanja wa ndege kama ukaguzi wa usalama unaomhusu kila abiria, kwa hiyo hauhitaji kukushuku wewe binafsi, unachotakiwa usizidi kile kinachohitajika kutafuta silaha na mabomu. Na Julai 2011, wiki chache tu baada ya mswada kufa, mahakama ya rufaa ya Washington ikasema skana hazivunji katiba, mojawapo ya sababu zao eti abiria anaweza kuzikataa akachagua kupapaswa. Hapo mimi nilikasirika na bado nakasirika, manake kwa mama aliyelelewa kwetu kupapaswa na mgeni hadharani sio chaguo, ni adhabu ya pili. Angalau mahakama ile iliwaambia TSA wamekosea kuleta skana bila kuuliza maoni ya wananchi kwanza.

Kitu ambacho jimbo linaweza ni kukataa kuwasaidia. Mahakama ya Juu ilisema 1997 kwamba serikali kuu haiwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo kutekeleza programu yake. Lakini kukataa kusaidia sio sawa na kuzuia, na kwa bi mkubwa wako haibadilishi chochote, tusonge.

Sasa shika maneno yale ya kesi ya Neagle, "hakufanya zaidi ya kile kilichohitajika". Akizidisha, kinga inamtoka na jimbo linamkamata kama raia mwingine yeyote. Mwaka 2015 pale LaGuardia, New York, mkaguzi alimpeleka binti wa Kikorea chooni akidai anamkagua, wakati binti alishatua na hana safari nyingine ya kukaguliwa, waendesha mashtaka wa Queens wakamfungulia kesi. Los Angeles nako, tukio la 2019, mkaguzi alimdanganya abiria mwanamke mpaka akafunua kifua, aliyemshtaki mwaka uliofuata ni mwanasheria mkuu wa jimbo la California, sio serikali kuu. Hao hawakuwa wanakagua, walikuwa wanatumia sare.

Kwa hiyo kaa na bi mkubwa kwenye simu, taratibu, asione unamhoji, umuulize: aliyemshika alikuwa mwanamke mwanzo mpaka mwisho? Mkono ulipita juu ya nguo au uliingia ndani? Alitumia mgongo wa mkono au kiganja? Aliambiwa avue au afunue chochote? Alipelekwa chumba cha pembeni na mtu mmoja peke yake? Utaratibu wa TSA wa sasa ni mkaguzi wa jinsia yako, mgongo wa mkono kwenye maeneo nyeti, kiganja kwa hali chache tu, na hutakiwi kufunuliwa sehemu nyeti. Kama mkono uliingia ndani ya nguo za siri au alivuliwa, nenda polisi leo, hilo ni jinai ya Texas na usikubali kuambiwa "hiyo ni ya serikali kuu". Kama ilikuwa juu ya nguo kama ulivyoniandikia, polisi watakusikiliza kwa heshima na watakurudisha nyumbani, nakwambia ukweli.

Ule mlango niliousema ni madai ya fidia dhidi ya serikali kuu yenyewe. Toka 1946 kuna sheria inayoruhusu kuishtaki, zamani mambo ya kushikwa mwili kwa makusudi yalitolewa nje, 1974 bunge likayarudisha kama aliyekushika ni ofisa anayepekua watu kisheria. TSA wakabisha kwamba wakaguzi wao sio maofisa wa aina hiyo. Agosti 2019 mahakama ya rufaa ya kanda ya 3, majaji wote wamekaa, ikasema ni maofisa, kesi ya mama mmoja aliyepekuliwa Philadelphia mwaka 2006, miaka 13 kabla! Kanda ya 8, ya 4 na ya 9 zikafuata. Texas iko kanda ya 5 na hukumu za wenzao haziifungi, ila zina uzito. Na angalia ilivyokaa, kwenye kesi hizi jaji anapima kosa kwa sheria ya jimbo lilipotokea, yani sheria ya Texas inayosema kumshika mtu isivyo halali ni kosa la kulipiwa fidia inaingia kwa mlango wa uani, pale mlango wa mbele uliposhindikana 2011.

Utaratibu: fomu namba 95 ya serikali, ipelekwe TSA ndani ya miaka 2 toka siku ya tukio, na uandike kiasi cha dola unachodai, tarakimu kabisa, ukiacha wazi madai yanakataliwa. Wana miezi 6 ya kujibu, wakikataa una miezi 6 ya kwenda mahakamani. Wakati huo huo andika barua kuomba picha za kamera za siku hiyo zihifadhiwe, hili lifanye wiki hii kabla ya fomu, taja tarehe, saa, na njia ya ukaguzi aliyopita.

Akija tena, piga simu TSA Cares, huduma yao ya abiria wanaohitaji msaada, saa 72 kabla ya safari ueleze ni mzee, anavaa hijabu, hajui Kiingereza. Kaunta ya ndege omba pasi ya kumsindikiza mpaka getini, mashirika mengi huwapa wanaosindikiza wazee, na mashine ikilia sema mnataka chumba cha faragha na wewe uwemo ndani, hiyo ni haki yake. Mkishaanza ukaguzi msiseme "basi tunaondoka", mahakama zimesema ukishaingia humo lazima umalize, na kuna faini.

Nitumie majibu ya bi mkubwa na tarehe ya tukio, tuijaze hiyo fomu pamoja.