Wasomaji Wauliza: Breka ya gereji haikushuka, mabati yakapiga shoti

SWALI

Ndugu Mhandisi, pokea salamu zangu. Ninaishi Dodoma, na nyuma ya nyumba yangu, yapata mita 40 kutoka mlangoni, nimejenga gereji ya fremu ya chuma iliyozungushiwa mabati, ambamo ninaegesha gari na mwanangu huchomelea mageti siku za Jumamosi. Umeme unatoka kwenye bodi ya nyumba kupitia breka ya ampea 32 na kebo ya nyaya mbili ya milimita 2.5, iliyofukiwa ndani ya bomba la plastiki la maji. Hakuna waya wa ethi unaotoka nyumbani. Fundi alichimbia fimbo ya ethi kando ya gereji na kuifunga kwenye fremu. Mwezi uliopita mwanangu aliegemea ukuta akiwa na kandambili zilizolowa, akapigwa shoti iliyomwangusha. Tulipochunguza tukakuta waya wa soketi umechubuka mahali unapopenya kwenye bati, lakini breka haikuwa imeshuka. Fundi anasema breka ni nzima na ethi ipo, kwa hiyo hakuna kilichopungua. Je, ni kweli? Na kama kuna kifaa cha kuongeza, kifungwe nyumbani au gerejini?

Msomaji, Dodoma

JIBU

Ndugu msomaji, mpe pole kijana, na tafadhali izime breka hiyo hadi kazi nitakayoieleza itakapokamilika.

Fundi wako amesema kweli kwa nusu. Breka yako huenda ni nzima kabisa, na ndiyo maana haikushuka, kwa sababu haikutengenezwa kumlinda mtu. Kazi yake ni kuulinda waya usiungue mkondo unapozidi kiasi au nyaya zinapogusana. Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme ardhi inayoizunguka fimbo yako ina ukinzani wa omu 45, na ethi ya transfoma ya mtaani ina omu 5. Waya wa moto ulipogusa bati, umeme wa volti 230 ulishuka kupitia fimbo yako, ukapita ardhini na kurudi kwenye transfoma, njia yenye jumla ya omu 50. Ukigawa 230 kwa 50 unapata ampea 4.6, yaani kiasi kinachovutwa na pasi ya wati 1,000. Breka ya ampea 32 inauona mkondo huo kama pasi tu na inauacha upite mchana kutwa, ilhali ukuta mzima wa gereji unabaki na takriban volti 207 ukimsubiri atakayeugusa.

Mafundi wengi hudhani kwamba fimbo ikishachimbiwa, umeme unaovuja utazama ardhini na mambo yameisha, lakini kama hakuna kifaa kinachouhisi mvujo huo na kuukata, fimbo peke yake haiwezi kuondoa hatari. Kwako Dodoma jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mvua ni za msimu mmoja na udongo hukaa mkavu miezi mingi, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, kiasi kwamba fimbo iliyopimwa vizuri mwezi wa Machi inaweza kuwa na ukinzani mkubwa mno ifikapo Oktoba.

Kifaa kinachokosekana ni kikata-mvujo, ambacho madukani utakitambua kwa herufi RCD au RCCB na kitufe kidogo chenye herufi T. Ndani yake waya wa moto na wa nyutro hupita pamoja katika pete moja ya sumaku. Mambo yakiwa sawa, mkondo unaokwenda hulingana na unaorudi. Sehemu yake ikipotelea ardhini, iwe kupitia bati au kupitia mwili wa mtu, ulinganifu huvunjika na kifaa hukata. Kile cha mili-ampea 30, yaani ampea 0.03, ambacho ndicho cha kumlinda mtu, kingekata mvujo wa ampea 4.6 wa mfano wetu ndani ya sekunde 0.04. Kwa kuwa kijana anachomelea, na mashine nyingi za sasa ni za inveta, chagua cha aina A, maana kile cha aina AC kinaweza kushindwa kuhisi mvujo unaotoka kwenye vifaa vya kielektroniki.

Sasa, kifungwe wapi? Ukikifunga gerejini tu, zile mita 40 za kebo zinabaki bila ulinzi: jembe likiipasua kebo, mvujo utatokea kabla ya kukifikia kifaa, nacho hakitahisi lolote. Ukikifunga nyumbani tu, kila grainda ikivuja utatembea mita 40 gizani kukirudisha, na kama kinahudumia nyumba nzima, friji nayo itazimika. Kwa hiyo ninapendekeza viwili. Nyumbani, mwanzoni mwa njia ya gereji, kifungwe cha mili-ampea 100 cha aina inayochelewa kidogo, chenye herufi S ndani ya kisanduku. Gerejini, katika bodi ndogo yenye swichi kuu na breka zake, kifungwe cha mili-ampea 30 kinachokata papo hapo. Ucheleweshaji huo ndio unaokifanya cha gerejini kikate kwanza. Fundi anayefunga viwili vya mili-ampea 30, kimoja nyuma ya kingine, atakuachia bahati nasibu ya kipi kitakata.

Kuhusu ethi, kebo mpya iwe na waya wa tatu unaoiunganisha ethi ya nyumba na ya gereji, na fimbo zote mbili zibaki. Haya ninayasema kwa nyumba ambayo ethi yake ni fimbo yake yenyewe. Kama ethi ya nyumba imeunganishwa na nyutro ya mtandao wa umeme wa mtaani, isipelekwe gerejini, na fimbo ya huko isimame peke yake. Kwa kifaa cha mili-ampea 100, ili volti ya bati isizidi 50, ukinzani wa fimbo usivuke omu 500. Hata hivyo usiridhike hadi ushuke chini ya 200, na upimwe kwa kipima-ethi wakati wa kiangazi. Ukiwa mkubwa, ongeza fimbo ya pili, iwe mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, au unganisha fimbo ziende chini zaidi penye unyevu. Najua wapo wanaomwaga chumvi na mkaa shimoni. Vipimo hushuka kweli, na mteja hufurahi, lakini mvua huisomba chumvi, na inayobaki huila shaba.

Nimeiacha kebo mwisho ingawa ndiyo iliyonishtua kuliko vyote. Kebo ya milimita 2.5 kwa kawaida hailindwi kwa breka inayozidi ampea 20, hivyo hiyo ya 32 haitimizi hata ile kazi yake ya kuulinda waya: kebo inaweza kuungua ndani ya bomba kabla breka haijashuka. Tena, mashine ya kuchomelea ikivuta ampea 20 kwa mita 40, kebo hiyo hupoteza takriban volti 15, na huenda kijana amekuwa akiilaumu mashine bure. Weka ya milimita 6 yenye ganda la nyuzi za chuma, ambayo itapoteza kama volti 6, ganda hilo liunganishwe na ethi, na ifukiwe walau nusu mita na utepe wa tahadhari juu yake. Kila waya unapopenya bati, pawekwe kipete cha mpira. Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuandikie vipimo vyake.

SWALI

Ndugu Mhandisi, banda langu la gari lina kikata-mvujo, lakini kila mvua ikinyesha kinakata na hakikubali kurudi hadi jua liwake. Fundi amebonyeza kitufe cha majaribio, kikakata vizuri, akasema basi ethi ni nzuri na kifaa kina wasiwasi tu, kiondolewe. Nimruhusu?

Msomaji, Bagamoyo

JIBU

Usimruhusu. Kifaa kinakueleza kwamba maji yanaingia mahali, na kwa kuwa jua likiwaka kinarudi, anza na soketi na taa za nje, kisha maungio ya kebo. Zima swichi kuu, chomoa kila kitu, na ufungue masanduku ya nje. Ukikuta kutu ya kijani kwenye skrubu, hapo ndipo penyewe. Kwa upepo wa chumvi wa pwani yenu, soketi ya nje iwe ya aina iliyofungwa kuzuia maji, yenye alama IP65.

Kuhusu kitufe, fundi amekosea. Kitufe hupitisha mvujo mdogo wa bandia ndani ya kifaa chenyewe, wala hakiigusi ethi kabisa. Ukiing'oa fimbo ukaitupa baharini, kitufe kitafanya kazi vilevile. Kibonyeze walau kila baada ya miezi 6 ili kifaa kisigande, na fimbo ipimwe kwa chombo chake.