Alihojiwa Mara Tisa, Akaachiwa

SWALI: Nimesikia kwamba Peter Sutcliffe, aliyeua wanawake Yorkshire, Uingereza, alihojiwa na polisi mara tisa kabla ya kukamatwa. Inawezekanaje? Au alikuwa na akili kuliko wapelelezi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Akili za ajabu hakuwa nazo. Alikuwa dereva wa lori wa Bradford, ana mke na nyumba. Kati ya 1975 na 1980 aliua wanawake 13 na kujaribu kuua wengine 7. Taarifa zake polisi walikuwa nazo. Zilifukiwa chini ya karatasi. Kila kitu kiliandikwa kwenye kadi na kupangwa kwa mkono, hivyo askari aliyebisha hodi kwake mara nyingi hakujua wenzake walishamhoji kwa jambo jingine.

Chukua ile noti. Oktoba 1977 mwanamke aliuawa Manchester, na mkobani mwake ikakutwa noti mpya ya pauni 5. Namba zake ziliwafikisha wapelelezi kwenye benki ya Shipley, ambako makampuni yalichukua fedha za mishahara. Watu kama 8,000 wangeweza kuipokea. Wapatao 5,000 walihojiwa, Sutcliffe akiwamo. Alisema alikuwa nyumbani, jamaa zake wakamuunga mkono, yakaisha.

Pigo kubwa lilikuja na barua za 1978 na 1979, kisha kanda ya sauti Juni 1979, za mtu aliyejidai ndiye muuaji. Lafudhi yake ilikuwa ya Sunderland. Wataalamu wa lafudhi walionya kwamba huenda ni tapeli, lakini wakuu wa upelelezi walishaamini. Asiye na lafudhi ile akafutwa orodhani. Julai 1979 askari wawili walimtilia shaka Sutcliffe, wakaandika ripoti, ikawekwa kando. Baada ya hapo aliua wanawake watatu. Mwenye kanda alinaswa 2005 kwa vinasaba vilivyobaki kwenye bahasha.

Kuna jambo lililo baya zaidi ya kadi. Polisi walishikilia kwamba muuaji analenga makahaba tu, hivyo msichana wa miaka 14 aliyenusurika 1975, akaeleza vizuri sura ya mshambuliaji, hakuhesabiwa. Dharau kwa wahanga ilipoteza ushahidi.

Alikamatwa Sheffield, 2 Januari 1981, kwa sababu gari lake lilikuwa na namba za bandia. Askari mmoja alikumbuka kwamba Sutcliffe aliomba kwenda kujisaidia kando. Akarudi pale, akakuta nyundo na kisu.

SWALI: Kompyuta isingemnasa mapema? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ingesaidia sana. Katikati ya miaka ya 1980 Uingereza ilianza kutumia mfumo wa HOLMES: kila maelezo husajiliwa kwa namba, majina, magari na anwani zikaunganishwa, hivyo jina linalojirudia huonekana. Lakini kompyuta haiwezi kurekebisha kigezo kibovu. Ndiyo maana sababu za kumwondoa mshukiwa hupangwa kwa uzito: vinasaba visivyolingana, au kuwa mahabusu saa ya tukio, hutangulia, shahidi asiyehusiana naye hufuata, jamaa huwa chini, na mwenzi wa ndoa chini zaidi. Aliyefutwa kwa neno la mkewe pekee hurudiwa. Kanda ya sauti ambayo mwenyewe hajulikani haimfuti mtu yeyote.