Ceska Iliyotumika Ikikwama, Anza na Magazini

Bastola yangu ni CZ 75, ile Wakenya tunayoiita Ceska. Nilipoinunua kwa muuzaji mwenye leseni ilikuwa imeshakaa na mtu mwingine miaka mingi. Karatasi zilikuwa sawa, mtutu unang'aa ndani, na ilikuja na magazini 2, yale makasha ya risasi yanayoingia kwenye mpini. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha ikakwama mara 4 katika risasi 30.

Naandika kwa ajili yako wewe mwenye cheti cha silaha uliyenunua iliyotumika na sasa huiamini. Najua wasiwasi huo. Unabeba kitu kiunoni kwa ajili ya usalama wako, na hujui kama risasi ya pili itapanda.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kila ilipokwama nilivuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, nikaitupa risasi iliyonasa, nikaendelea. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi wa silaha alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniambia, "Kijana, unafuta ushahidi. Ikikwama tena, mtutu ubaki kwenye shabaha, kidole kitoke kwenye triga, halafu uangalie kabla hujagusa kitu."

Nikaangalia. Risasi ilikuwa imeinamisha pua na kugonga ule mteremko mdogo ulio chini ya mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Mzee akasema hiyo karibu kila mara ni magazini: springi imechoka, haiinui risasi kwa wakati, slaidi inarudi na kuikuta bado iko chini. Kama risasi ingekuwa imeingia na slaidi imebakiza nafasi ndogo tu kufunga, tungetafuta uchafu ndani ya chemba, springi ya slaidi iliyolegea, au risasi yenyewe mbovu. Na kama ganda tupu limebaki chemba na risasi mpya inalisukuma kwa nyuma, hapo tatizo si kulisha, yaani kuingiza risasi chemba, hata kidogo. Tazama ule ukucha unaovuta ganda. Mara nyingi umejaa masizi.

Akanipa kalamu ya wino mweupe, nikaandika 1 na 2 chini ya magazini. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko mwingine wote hapa, na haugharimu chochote. Nikapiga risasi 20 kwa namba 1, haikukwama hata mara moja. Namba 2 ikakwama kwenye risasi ya sita.

Nyumbani nilitoa magazini kwanza, nikavuta slaidi nyuma, nikatazama chemba na kuigusa kwa kidole kidogo kuhakikisha ni tupu. Risasi za kweli zilibaki chumba kingine. Mpangilio huo usiugeuze: ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, umeingiza risasi nyingine ukidhani umeitoa.

Kisha nikafungua magazini zote mbili na kulaza springi zake sambamba mezani. Ya namba 2 ilikuwa fupi kwa karibu mizunguko miwili. Ndani ya kasha lake kulikuwa na mafuta yaliyokauka yakachanganyika na nyuzi za nguo, rangi ya kijivu, yameganda pembeni mahali kile kibao kinachosukuma risasi kinapopita. Bastola inayobebwa chini ya koti hukusanya nyuzi hizo bila wewe kujua. Midomo ya juu ya magazini niliilinganisha kwenye mwanga, ikawa sawa. Kama ingekuwa imepinda, nisingeikunja kwa koleo. Ningenunua magazini nyingine.

Utakutana na watu watakaokuambia upige msasa ule mteremko wa chemba. Tafadhali usifanye. Chuma ukishakiondoa hakirudi, na ukibadilisha umbo la mahali pale ganda linaweza kukosa pa kuegemea na kupasuka. Kazi ya kukata au kusugua chuma mpe fundi mwenye leseni, tena baada ya magazini, springi na risasi kuthibitishwa kuwa nzima.

Kuhusu risasi, anza majaribio na ya pua ya mviringo iliyovikwa shaba yote. Bastola nyingi za zamani huimeza risasi ya aina hiyo bila shida. Zile zenye shimo puani hunasa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kama ndizo unazobeba, zijaribu hizo hizo. Mkono nao uangalie: kifundo kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, nayo slaidi haimalizi safari yake. Mpe mtu mwenye mkono imara apige risasi 10 kabla hujailaumu silaha.

Nilisafisha namba 2 kwa kitambaa kikavu, nikaweka springi mpya, nikapiga risasi 100 kwa siku mbili tofauti. Hazikukwama. Wino mweupe bado upo, na kila nikienda uwanjani naanza na namba 2.